Malaria Iliyojibanza Ukutani

Wilaya ya Muleba ilijijengea jina kwa vyandarua. Jaribio lililofanyika huko na kuchapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018 lilionyesha kuwa chandarua chenye kiambato cha PBO hupunguza malaria hata palipo na mbu aliyezoea dawa. Mbu, basi, tumemchunguza vya kutosha. Mshipa wa damu bado.

Mtoto akifikishwa hospitali hajitambui, iwe Bukoba au Muleba, huchomwa kidole. Shida ni kwamba vimelea vya falsiparamu vikikomaa huifanya chembe nyekundu iote vinundu vya kunata, ikang'ang'ania utando wa ndani wa mishipa midogo, ya ubongo ikiwemo. Utando ukielemewa hutokeza molekuli za kunasa chembe zaidi, kisha hulegea na kuvuja. Slaidi ya damu ya kidole inahesabu wapita njia. Waliojibanza ukutani haiwaoni. Tena huku kwetu mtoto aweza kubeba vimelea akacheza mpira, kwa hiyo kuvikuta kidoleni si ushahidi kwamba ndivyo vilivyomzimisha.

Ukuta wenyewe unaweza kutazamwa. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford walipachika kingamwili kwenye chembechembe za oksidi ya chuma ili zinase VCAM-1, mojawapo ya molekuli hizo, na MRI ikauonyesha utando uliovimba ndani ya ubongo wa panya bila kuupasua. Panya hao walipata MRI kabla ya mikoa yetu mingi.

Jibu la karibu zaidi lilitoka Blantyre, Malawi. Terrie Taylor na wenzake walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa maiti 31 za watoto waliodhaniwa kuuawa na malaria ya ubongo: 7 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Dalili pekee iliyowatenganisha wa malaria na hao saba walipokuwa hai ilikuwa nyuma ya jicho: mabaka meupe, mishipa iliyopauka, madoa ya damu. Retina ni jirani wa ubongo, na mishipa yake huonekana kwa taa tu.

Taa hiyo, ofthalmoskopu, ilibuniwa na Helmholtz mwaka 1851, miaka 29 kabla ya Laveran kuviona vimelea vya malaria. Haihitaji chuma wala kingamwili. Inahitaji betri, matone ya kupanua mboni, na mtu aliyefundishwa kutazama, ambaye kwa kawaida ni daktari wa macho; naye saa nane za usiku, degedege linapopanda, huwa amelala kwake.