Manju Akiimba, Kijiji Husikiliza

Unapofika mwezi wa Desemba na shule kufungwa, katika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti nyimbo husikika njiani. Ni msimu wa tohara. Aliyetahiriwa husindikizwa nyumbani kwa shangwe, na msichana asiyekeketwa, aitwaye msagane, huimbwa kwa kejeli. Akina mama wenzetu, tusidanganyane: binti wa miaka 12 anaweza kuvumilia ukali wa baba yake, lakini wimbo wa kijiji kizima humshinda. Wengine hujipeleka wenyewe kwenye kisu ili wimbo ule unyamaze.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kazi ya mshairi katika jamii. Wengi hudhani ni burudani tu.

Mshairi wa taifa ni nani?

Uingereza wana cheo cha mshairi wa taifa tangu mwaka 1668, alipoteuliwa John Dryden. Mwanamke wa kwanza kukishika, Carol Ann Duffy, aliteuliwa mwaka 2009. Wanawake walingoja miaka 341! Huko Marekani, majimbo mengi nayo huteua mshairi wao. Hutunga siku ya furaha na siku ya msiba, na huwapelekea watu mashairi shuleni na mikutanoni.

Sisi Tanzania hatuna cheo kama hicho, lakini kazi yenyewe tunaijua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walifikishe kwa wananchi, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikaenea shuleni. Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alikuwa mshairi. Alitafsiri tamthilia za Shakespeare, na tenzi zake za Injili zilichapishwa mwaka 1996. Alijua kwamba neno lenye vina hukaa moyoni kuliko hotuba.

Kumsifu mkubwa au kumsemea mdogo?

Hapa ndipo penye mtihani. Mshairi anayelishwa na mkubwa huona vigumu kumkosoa. Lakini wako waliowasemea wanyonge. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, hakuwa na cheo chochote. Hata hivyo aliimba juu ya mwanamke aliyeuawa, na muuaji akatoroka. Mahakama ilimshindwa muuaji, lakini wimbo ulilihifadhi jina lake, Kijiti, mpaka leo.

Katika Biblia nako, Miriamu aliimba mbele ya taifa baada ya kuvuka bahari, Debora aliimba baada ya vita, na Maria aliimba akiwa binti wa kawaida kabisa. Tena tukumbuke 1 Samweli 18: wimbo wa wanawake waliompokea Daudi ulimtia Sauli wivu hata akatafuta kumwua. Ulimi wa mwimbaji hujenga, tena huweza kuua.

Nani ataimba upya?

Wakurya wana litungu, zeze lao la nyuzi nane. Mpigaji wake ana heshima: akikusifu umesifika, akikusema umesemeka. Huyo ndiye mshairi wa taifa wa kijijini, ingawa hana barua ya uteuzi.

Sheria tunayo. Tangu mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Mara wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Polisi anaweza kumkamata ngariba, lakini hawezi kuukamata wimbo. Wimbo hushindwa na wimbo.

Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti zimefunguliwa nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji. Huko Masanga, msimu wa tohara ukifika, wasichana hupewa mafundisho ya kuingia utu uzima bila kukatwa, kisha husherehekewa. Hapo ndipo tunapoona njia: msichana anahitaji kusifiwa mbele za watu kwa kuwa mzima, si kufichwa tu.

Basi mama mwenzetu, wewe unayeongoza kwaya, wewe uliye manju wa ngoma harusini, wewe bibi ambaye wajukuu wanakusikiliza jikoni, cheo hiki ni chako. Kabla Desemba haijafika, tungeni wimbo wa kumsifu binti aliyebaki mzima na aliyemaliza shule. Mwiteni mpiga litungu wa kijiji, msimlaumu, bali mwombeni aupige. Uimbwe kanisani, kisha utoke nje, barabarani, pale pale wimbo wa zamani ulipozoea kupita. Na binti yako akiuliza kijiji kitamwitaje asipokwenda, awe tayari ameusikia wimbo unaomtaja kwa heshima, na sauti ya kwanza ndani yake iwe ya mama yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nyimbo zipi za kwetu zinazowadhalilisha wasichana?
2. Sisi wenyewe tuliziimba lini mara ya mwisho?
3. Nani miongoni mwetu ana kipaji cha kutunga, na tumsaidieje?