Foleni ya daktari: nani atangulie?
Msomaji, ukiwa na kadi ya bima ya mwajiri, katikati ya jiji la Nairobi utamwona daktari upesi na kurudi kazini kabla ya saa sita. Mwajiri wako anafaidika, nami sikulaumu. Lakini fundi wa jua kali wa Kawangware akishinda kwenye foleni hupoteza ujira wa siku nzima; hana likizo ya ugonjwa. Tangu Oktoba 2024 wewe hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kwa bima ya SHIF, ilhali yeye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima mapema. Hapo haki iko wapi? Kitabibu, foleni hupangwa kwa hatari ya ugonjwa. Ukimwona aliyebanwa kifua, au mtoto mwenye degedege, mwite muuguzi mara moja, hata kama zamu ni yako.