Kitanda Kitupu Melini: Kutalii Ziwa Victoria kwa Hela Kidogo

Kitanda cha meli huoza kama sato wa soko la Kirumba, Mwanza. Meli ikishang'oa nanga na chumba kimoja hakijapata mtu, nafasi hiyo imekwenda. Kesho itauzwa ya kesho. Mafuta yameshaingizwa tangini, mabaharia watalipwa vilevile, taa zitawaka vilevile. Ndiyo maana wenye meli za abiria duniani kote huona heri wampe mtu nafasi kwa bei ya kutupa, hata bure, kuliko kuondoka nayo tupu. Anayetaka kutalii kwa meli na mfuko wake mwepesi aanze hapo. Ajue ni lini nafasi hubaki, na mwenye meli anahitaji nini zaidi ya hela.

Meli kubwa za watalii, zile ambazo msimu ukifika hutia nanga Zanzibar na Mombasa, zina milango yake ya nyuma, na yote ni halali. Mmoja ni safari za kuhama. Mwezi wa nne au wa tano kampuni huhamisha meli kutoka Karibiani kwenda Mediterania, na mwezi wa kumi au wa kumi na moja huzirudisha. Kuvuka Atlantiki ni siku nyingi za maji matupu na bandari chache, wateja wengi hawana hamu nayo, na bei ya kila usiku hushuka sana. Mlango wa pili ni wa mwenye kundi: mawakala wengi humpa kitanda cha bure mtu aliyekusanya wasafiri 15 au 16 wanaolipa. Wa tatu ni wa mwenye ujuzi. Meli hizo huchukua wahadhiri wa historia na wanyamapori, mapadre na wachungaji wa kuongoza ibada, na hata wanaume watu wazima wanaojua dansi, ambao kazi yao ni kucheza na wanawake waliosafiri peke yao. Naam, hiyo nayo ni kazi, na nawajua wazee wa Mwanza ambao wangeifanya bila mshahara.

Tatizo la milango hiyo ni kwamba yote iko mbali na hapa. Kitanda kikiwa bure, bado una nauli ya ndege hadi bandari ya kuanzia, viza, ada za bandari na bakshishi ambazo kampuni nyingi hukata kwa kila siku unayolala melini. Mtu wa Nyegezi, hapa Mwanza, akipiga hesabu hiyo yote, safari ya bure inageuka kuwa ghali kuliko kupumzika Zanzibar kwa hela yake mwenyewe.

Kwa vijana wetu njia ya kweli ya kuiona dunia kwa meli ni kuajiriwa ndani yake, jikoni, vyumbani au kwenye injini. Na hapo ndipo wanapoibiwa. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Unakataza anayewatafutia mabaharia kazi kuwatoza ada ya nafasi. Baharia hugharamia cheti chake cha afya, kitabu chake cha baharia na pasipoti. Mafunzo ya msingi ya usalama baharini yanatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI), na ada yake hulipwa chuoni, kwa risiti. Mtu anayekuita hotelini akakuambia utume laki kadhaa kwa simu "kushikilia nafasi" kwenye meli ya Italia hana nafasi yoyote ya kushikilia.

Ujumbe wa "umeshinda safari ya meli" ni wa ukoo huohuo. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani, ikiungana na majimbo 10, ilifungua kesi dhidi ya kampuni iitwayo Caribbean Cruise Line na wenzake kwa kupiga mamilioni ya simu za mashine. Aliyepokea aliulizwa maswali machache ya kura ya maoni, kisha akaambiwa amepata safari ya bure kwenda Bahamas. Baada ya hapo ndipo yalipoanza malipo ya hiki na kile.

Sasa turudi ziwani, ambako hakuna anayekuuliza viza.

Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800, na zaidi kidogo ya nusu yake ni ya Tanzania. Kwa ukubwa huo ni bahari ndogo, na meli zake hulala njiani kama meli za baharini. MV Victoria ilitengenezwa na kiwanda cha Yarrow, Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa maji hadi Mombasa na kwa reli hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1961. Enzi hizo ilizunguka ziwa lote, Kisumu, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na wageni walikata tiketi ya mzunguko mzima kwa ajili ya kutalii tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ikabaki kwetu na mzunguko ule ukakatika. Baada ya miaka kadhaa ya kulala gatini ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi kazini mwaka 2020, chini ya kampuni ya serikali iliyojulikana kama MSCL na ambayo siku hizi inaitwa TASHICO.

Kwa nini nauli yake ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wa chombo? Kwa sababu husafiri peke yako. MV Victoria ina nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, na gharama ya safari hugawanywa baina ya watu na mizigo hiyo. Kwenda Bukoba inabeba sementi, soda na bidhaa za madukani. Kurudi inabeba ndizi na kahawa za Kagera. Mkungu wa ndizi uliolala chini ya sitaha unakuchangia dizeli. Meli ya kitalii haina mchangiaji wa namna hiyo, kila lita inatoka mfukoni mwa abiria.

Hesabu ya pili watu wengi huisahau. Meli ya Bukoba huondoka Mwanza usiku na kufika alfajiri au asubuhi, baada ya kupita Kemondo. Maana yake tiketi moja imekununulia usafiri na malazi. Basi la kupita Geita na Biharamulo hutembea zaidi ya kilomita 400 na kukumalizia mchana mzima, na jioni bado unatafuta gesti. Ukienda Bukoba usiku, ukashinda mjini, ukala senene kama ni msimu wake, na kurudi kwa meli siku inayofuata, umelala gesti usiku mmoja tu kati ya mitatu.

Kuhusu madaraja nina msimamo wangu. Daraja la kwanza ni chumba cha watu wawili, na wengi wanaolipia chumba hicho hulala usingizi mzito mpaka Kemondo bila kuliona ziwa. Kama una watoto au mgongo unakusumbua, kalipie. Mwingine anunue daraja la pili la kulala, ambalo vitanda vyake ni vya kupandana, aache begi lake hapo na aende zake juu ya sitaha. Daraja la tatu ndilo la bei ya chini kuliko yote na ndilo lenye hadithi, lakini lina adabu zake. Fika bandarini mapema, saa mbili kabla au zaidi. Usikae nyuma ya bomba la moshi wala karibu na mlango wa chooni, sehemu mbili ambazo mgeni huzikuta wazi na kudhani amebahatika. Beba mkeka, kitenge na sweta, maana meli ikishatoka kwenye ghuba upepo wa usiku ni wa baridi kuliko mtu wa Mwanza anavyoutarajia. Chakula kinauzwa melini, ila mwenye hela ya kuhesabu huja na samaki wake wa kukaanga na chupa ya chai.

Meli mpya iliyojengwa hapahapa Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023 ilipangwa kwa mtazamo huohuo. Ina urefu wa mita 92.6 na nafasi 1,200, na kati ya hizo 834 ni za daraja la uchumi. Vyumba vya wakubwa vipo, lakini ni vya kuhesabu kwa vidole.

Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi angani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi siku za giza, kwa sababu dagaa hufuata taa na mbalamwezi huwatawanya. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Ukisafiri mwezi ukiwa umeandama karibuni au umekwisha kabisa, utakuta mistari ya taa juu ya maji pande zote, unadhani unaukaribia mji mwingine. Kampuni za kitalii zingetoza ada ya peke yake kwa kitu kama hicho. Ukisafiri mwezi mpevu utaona visiwa vizuri zaidi, ila taa hutaziona. Mimi huchagua giza.

Chagua na majira. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa yake nzito huteremkia ziwani kutoka kila upande, na zinapokutana huko huisukuma juu hewa yenye unyevu na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa ambazo meli iko njiani. Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, ndiyo mabaya zaidi. Juni hadi Agosti mvua ni chache, ingawa upepo wa kusini hutikisa. Mwenye tumbo jepesi alale katikati ya meli, chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

Kuna urahisi mmoja wa kukataa. Siku zote atakuwepo mtu wa kukuambia upite pembeni, ulipe nusu, tiketi ya nini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imeidhinishwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Makadirio ya waliokufa hutajwa kati ya 800 na 1,000, na makaburi ya pamoja yako Igoma. Familia nyingi hazikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba mtu wao alikuwemo. Jina lako likiandikwa kwenye tiketi kwa kitambulisho, nenda. Likikosekana, shuka, hata kama ni bure. Na kabla ya kupanda tazama ubavuni mwa chombo: kuna alama ya duara lililokatwa na mstari. Mstari huo ukiwa umezama, chombo kimezidishiwa mzigo, na hakuna nahodha wa kukuaminisha vinginevyo.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Ukara, na watu 228 wakafariki. Watu walikuwa wameanza kusogea upande mmoja kujiandaa kushuka. Uzito uliojaa juu ukihamia ubavu mmoja, chombo hakina muda wa kujirudisha. Kwa hiyo kaa pale ulipo mpaka kamba zifungwe, hata kama makuli wanakupita mbio na mizigo.

Asiye na nafasi ya kulala njiani ana ziwa la mchana. Kivuko cha Kigongo–Busisi, kilichokuwa utalii wa bei nafuu kuliko wote Kanda ya Ziwa, kilipoteza kazi yake tarehe 19 Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3. Ladha hiyo sasa inapatikana Kamanga, kwa kivuko kinachoanzia katikati ya jiji kwenda upande wa Sengerema: panda kwa miguu, simama juu, uyaone majabali ya Bismarck kutoka upande wa maji, nunua mahindi ya kuchoma ng'ambo na urudi. Kisiwa cha Saanane kiko jirani zaidi, mwendo mfupi wa boti kutoka Capri Point. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo sana, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na imebaki na jina la mvuvi aliyehamishwa hapo mwaka 1964 ili pajengwe bustani ya wanyama. Mtanzania hulipa kiingilio cha shilingi, sehemu ndogo ya anachotozwa mgeni, ila boti ni afadhali mkaikodi kundi zima mkagawana.

Lakini mimi ningekupeleka Ukerewe. Panda meli ya Nansio kutoka Mwanza, saa chache tu za maji tulivu kati ya visiwa, na usirudi kwa njia hiyohiyo. Kodi baiskeli au bodaboda ukaione nchi hiyo ya mihogo na machungwa. Mwenye siku ya ziada avuke kutoka Bugorora hadi Ukara akalione jiwe linalocheza. Kisha toka kisiwani kwa kivuko cha Rugezi–Kisorya na upande gari la Bunda. Kutoka Bunda kwenda Mwanza kaa dirishani, upande wowote. Kulia ni Ghuba ya Speke. Kushoto, ukikaribia Lamadi, ni geti la Ndabaka la Serengeti, na swala wakiwa karibu na barabara hakuna anayekutoza kuwatazama.