Semei Kakungulu: Jemadari, Mwalimu na Myahudi wa Mbale

Katika mafundisho ya Agano la Kale liko swali lisilokwisha kuulizwa, nasi huku Tunduma twaulizwa pengine kuliko wengine, maana mji wa mpakani hupitiwa na wahubiri wa kila namna: ikiwa Torati ni neno la Mungu, kwa nini Wakristo huishika nusu na kuiacha nusu? Wengi wetu hulijibu upesi mno. Mtu mmoja wa Afrika Mashariki alilichukua swali hilo kwa uzito wote, akalijibu kwa mwili wake mwenyewe. Ndiye Semei Kakungulu wa Uganda, na inafaa wanafunzi wa theolojia wamfahamu.

Alizaliwa Koki, yapata mwaka 1869. Alipoingia dini katika upande wa Waprotestanti alifundishwa kusoma Maandiko kwa Kiswahili, kwa kuwa Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa bado. Ilikamilika mwaka 1896. (Wasemao kwamba Kiswahili hakikuwa na kazi ya injili bara ya mbali na walikumbuke hilo.) Katika vita vya dini vya Buganda alijipatia sifa ya ujemadari, akawa mshindani wa Apolo Kagwa. Mwaka 1899 askari wake walishiriki katika kuwakamata wafalme Mwanga na Kabalega. Baadaye aliitiisha sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda kwa manufaa ya Waingereza, akajenga ngome na barabara, na mji wa Mbale ukaanza kukua kando ya maskani yake.

Tusiipake chokaa habari hii. Wenyeji wa mashariki waliotiishwa hawakumwona kuwa mkombozi. Naye kwa upande wake alitumaini kufanywa mfalme wa nchi aliyoitwaa, lakini Waingereza wakampunguzia madaraka hatua kwa hatua. Walimpa uongozi wa baraza la Busoga, na mwaka 1913 kazi hiyo nayo ikakoma. Wapo wasemao kwamba uchungu huo ndio uliomwondoa katika Kanisa. Hatukatai kwamba uchungu ulikuwapo, lakini hautoshi kueleza yaliyofuata. Mtu mwenye kinyongo na serikali aweza kuasi kwa njia rahisi zaidi kuliko kutahiriwa akiwa na umri wa miaka hamsini.

Kwanza alijiunga na Wamalaki, wafuasi wa Malaki Musajjakawa na Joswa Kate, waliokataa dawa za hospitali kwa sababu ya imani yao. Huko aliendelea kusoma vitabu vitano vya Musa, akafika Mwanzo 17. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Yasimuliwa kwamba Wamalaki walipomwonya kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye naye ni Myahudi. Akajitenga nao, akakaa Gangama chini ya Mlima Elgon pamoja na wafuasi wake. Ndio mwanzo wa Abayudaya.

Hapo jemadari akawa mwalimu. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kurasa zipatazo 90, chenye kanuni na sala za jumuiya yake. Mwanzoni mafundisho yake yalikuwa mchanganyiko, kwani ubatizo na baadhi ya mambo ya Agano Jipya yalibakia. Ndipo alipokuja kwake mgeni Myahudi aitwaye Yosef, akakaa miezi kadhaa akiwafundisha sikukuu, kalenda, uchinjaji na vyakula. Ya Kikristo yakaachwa. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Sisi Walutheri twamsomaje? Matendo 15 na waraka kwa Wagalatia vyatuzuia kuifuata njia yake, na hilo twalifundisha bila kusita. Walakini havituruhusu kumdharau. Twajua pia jinsi Luther mwenyewe alivyoandika vibaya mno juu ya Wayahudi mwaka 1543, na kwamba mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliofanyika Budapest mwaka 1984 ulijitenga na maneno yale. Mwanafunzi anayeikariri Wagalatia huku akiiruka Warumi 9 hadi 11 hajamaliza kumsoma Paulo. Tena twaona kosa letu la ualimu: Kakungulu alipewa Biblia, akapewa na vita vya kupigana kwa jina la dini, lakini swali lake juu ya agano la Ibrahimu halikupata mtu wa kukaa nalo kwa subira. Miaka mingi baadaye akalipata kwa mgeni mpita njia.

Jumuiya yake haikufa pamoja naye. Chini ya Idi Amin (1971–1979) ibada zao zilipigwa marufuku, wengi wakaiacha imani, wakabaki watu mia chache waliosali kwa siri. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwapokea mamia rasmi katika dini ya Kiyahudi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mzaliwa wa jumuiya hiyo, aliwekwa kuwa rabi baada ya masomo yake Los Angeles. Karibu na Mbale iko shule ya sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu. Humo watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu husoma katika darasa moja.