Kabla ununue kimea Kibera ama Kawangware, tafuna kwanza

Kuna vijana wa Nairobi siku hizi wanaweza kukuambia kahawa imetoka Nyeri ama Kirinyaga kwa kunusa kikombe tu. Lakini waulize busaa inatengenezwa na nini, utasikia, "Si ni uji umelala?" Zii. Busaa ni bia. Ina nafaka, ina maji, ina hamira inayokula sukari na kutoa pombe, na ina kile kitu ambacho hata Tusker haiwezi kuwa Tusker bila hicho: kimea.

Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa ichipuke siku chache, kisha ikakaushwa kabla haijageuka mmea. Sokoni wengi wanaita kimera. Kwa muuzaji Mluhya utasikia amamera, kwa Mluo thowi. Ukijua hayo majina matatu, huwezi kupotea Kawangware wala Kibera, maana hii biashara iko mikononi mwa akina mama waliotoka Magharibi na Nyanza na ujuzi wao, na bado wanaulizana kwa lugha ya nyumbani.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba mahindi yenyewe hayatoi pombe vivi hivi. Yamejaa wanga, na hamira haili wanga, inakula sukari. Mtu wa katikati ndiye kimea. Mbegu ikichipuka huzalisha vimeng'enya, yaani vile vikatakata vya asili vinavyoukata wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Mpika pombe anamwibia mche hicho chakula, basi. Kwa hivyo kimea kikiwa kibovu, hata uwe na gunia la unga wa mahindi na maji ya chemchemi, utapata uji mchachu usiolewesha hata kuku.

Na hapo ndipo pesa inapotea. Busaa haiwekwi stoo. Unga wa mahindi unakandwa, unaachwa uchachuke siku mbili tatu, unakaangwa kwa bati ama karai pana hadi uwe na rangi ya kahawia, kisha unachanganywa na maji na unga wa kimea na kuachwa tena siku kadhaa. Ikiiva, iko na siku mbili tatu tu za kunywewa kabla haijawa siki. Mama pima aliyekopa pesa ya unga, makaa na maji kwa chama anajua Jumamosi jioni wateja wanakuja na mikebe yao. Kama kimea kilikataa kufanya kazi tangu Jumatano, hakuna cha kuuza, na wiki yote imeenda. Hapo kuna karo na kodi ya ploti. Ndiyo maana akina mama hawa wakinunua kimea hawana haraka, na ukisimama kando ukiangalia mikono yao utajifunza mengi kuliko video yoyote.

Sasa tuingie sokoni. Nafaka ziko tatu.

Wimbi ndio mfalme. Mbegu zake ni ndogo nyekundu-kahawia, na kati ya nafaka zetu za joto ndio unasifika zaidi kwa nguvu ya vimeng'enya. Pia haushambuliwi ovyo na wadudu, unaweza kukaa ghalani miaka. Kimea chake kina harufu tamu kama ya mkate uliookwa kidogo. Shida ni bei. Wimbi mbichi unauzwa ghali kuliko mahindi, mara nyingi maradufu na zaidi, na ukishakuwa kimea unaongezewa gharama ya maji, jua na jasho.

Mtama unafuata. Ni rahisi kidogo na unachipuka vizuri, lakini vimeng'enya vyake vina upande mmoja dhaifu, kwa hivyo sukari inatoka kidogo kuliko ya wimbi. Halafu kuna mtama na mtama. Ule mwekundu mchungu, ambao hata ndege wanauogopa shambani, una tanini nyingi zinazovifunga vimeng'enya visifanye kazi. Ukipewa chaguo, chukua mweupe ama ule mwekundu usio mchungu. Na hili ni la maana: vimizizi na vichipukizi vya mtama vina kemikali inayoweza kutoa sianidi, sumu kabisa. Kimea cha mtama lazima kisuguliwe hadi hivyo vinywele vyote vitoke na kipepetwe vizuri. Ukiona kina ndevu nyingi, usibebe.

Mahindi ndiyo ya mwisho kwa maoni yangu, na hapa najua kuna watu watanijia juu. Kimea cha mahindi kipo, ni rahisi, na wengine wanakitumia vizuri. Lakini mahindi huchipuka bila mpangilio, moja leo na jingine kesho kutwa, na kiini chake kina mafuta mengi yanayochacha haraka. Mbegu ni kubwa, inabaki na unyevu ndani, ukungu unaingia. Mimi naona mahindi yana kazi yake kwenye karai. Kuchipusha achia wimbi.

Na shayiri? Hiyo ndiyo kimea cha bia za chupa duniani kote, na Kenya inalimwa huko Mau Narok, Molo na Timau. Tangu Kenya Breweries ianze Ruaraka mwaka wa 1922, shayiri imekuwa mambo ya kiwanda, haipimwi kwa gorogoro mtaani. Hata wale wanaojipikia bia kwa mitambo midogo, kama Brew Bistro pale Ngong Road, walikuwa dunia nyingine kabisa, ingawa ukitembea kutoka hapo unafika Kibera bila kupanda matatu. Cha kuchekesha ni kwamba kampuni kubwa yenyewe ilirudi kwa nafaka ya nyanya zetu: Senator Keg, iliyoingia sokoni 2004 ili kuwavuta watu kutoka kwa pombe haramu, baadaye ikawa inatengenezwa kwa mtama wa wakulima wa Ukambani na Nyanza. Serikali ilipoirudishia ushuru wa asilimia 50 mwaka wa 2013, mauzo yakaanguka vibaya. Mnywaji wa mtaani anahesabu kila shilingi. Muuza kimea analijua hilo tangu zamani.

Kawangware ama Kibera, basi? Kwangu mimi Kawangware inashinda kwa kimea kilicho tayari. Waluhya ni wengi pale, wateja wanajua wanachotaka, na muuzaji akileta kimea kibovu atasikia maneno mbele ya soko zima. Bidhaa pia haikai sana. Kibera nzuri ni kwa nafaka mbichi kama unataka kuchipusha mwenyewe, hasa ukizunguka Makina na Toi na kulinganisha, na pia kwa kununua kidogo kidogo: nusu gorogoro, kasuku, hata robo. Ukitaka gunia zima usisumbuke na mtaa wowote kati ya hiyo miwili, nenda Nyamakima ambako wenye maduka nao wananunua.

Kuhusu gorogoro, fungua macho. Gorogoro inahesabiwa kilo mbili, lakini hiyo ni kwa mahindi makavu. Kimea ni chepesi kuliko nafaka mbichi kwa sababu mbegu imejila yenyewe kidogo ndani, kwa hivyo mkebe uleule una uzani mdogo. Hiyo si wizi. Wizi ni mkebe uliobonyezwa kitako hadi umepanda juu kama kofia. Ugeuze uangalie chini kabla hajapima, hakuna mtu atakukasirikia.

Kisha omba kuonja. Salimia kwanza, ukija na mikono mfukoni kama kanjo utauziwa cha chini ya gunia. Sema, "Mathe, shikamoo. Naomba nitafune kidogo." Hata kama ni mama wa rika la dadako, adabu haijawahi kuongeza bei. Ingiza mkono katikati ya gunia, si juu. Kama ndani kuna joto ama unyevu, toka. Kama unanusa chumba kilichofungwa, toka. Chukua punje kadhaa utafune: kimea kizuri kinavunjika kwa meno bila kuwa kigumu kama changarawe, na baada ya sekunde chache utamu unakuja. Nafaka ambayo haijachipuka inabaki na ladha ya unga mbichi tu. Ukiwa na muda, mwaga kidogo kiganjani uhesabu. Zikiwa tisa kati ya kumi zina alama ya mzizi, lipa. Zikiwa nusu, hata akikupunguzia, umenunua nusu ya nguvu kwa bei inayokaribia nzima.

Kimea kilichosagwa tayari sikinunui. Huwezi kujua kimechanganywa na nini. Nunua punje, peleka kisiagi mwenyewe, na uwaambie wasafishe mashine kwanza.

Kuna jaribio jingine la nyumbani ambalo napenda kuliko yote, na limetoka kwa watoto. Huko Tanzania, tangu miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe iliwafundisha akina mama kutia unga kidogo wa kimea kwenye uji mzito wa mtoto ili ulainike bila kuongezwa maji, mtoto ale chakula kingi kwa tumbo dogo. Fanya hivyo hivyo. Pika uji mzito sana, uache upoe hadi uweze kuugusa kwa kidole bila kuruka, kisha koroga kijiko kimoja cha kimea. Kikiwa kizima, ndani ya dakika kumi hivi uji utakuwa mwepesi na mtamu. Kikiwa kimekufa, uji utakuangalia tu. Usikitie kwenye uji unaochemka. Moto mkali unaviua vimeng'enya, na utamlaumu muuzaji bure.

Ukitaka kuchipusha mwenyewe, siri ni maji na paa. Lowesha wimbi usiku mmoja hadi siku nzima ukibadilisha maji, chuja, tandaza kwa gunia lenye unyevu, funika, nyunyiza na kugeuza kwa siku mbili hadi nne, kisha anika juani. Maneno rahisi. Lakini kwa keja ya futi kumi kwa kumi, na maji ya kununua kwa mtungi, kila suuza ina bei. Mvua ya Aprili ikinyesha siku ya pili ya kuanika, umepata ukungu.

Ukungu si mchezo. Mwaka wa 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 Makueni, Kitui na maeneo jirani. Sumu hiyo haifi kwa kuchemsha wala kwa kuchacha. Kuna tabia mbaya mjini ya kusema mahindi yaliyooza "yatafaa pombe." Hayafai. Na usijaribu kuchipusha mbegu za agroveti zile zenye rangi ya waridi ama kijani: zimepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, ni za shamba tu.

Sasa ile hadithi ya vifo. Kila mara watu wakifa kwa pombe, busaa inaingizwa kwenye sentensi moja na sumu. Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 wengine zaidi ya 10 wakafa Kirinyaga. Pombe ya 2014 ilikuwa na methanoli, kemikali ya viwandani. Hiyo haitoki kwa wimbi. Lakini njia ya mkato inaanzia hapa hapa sokoni: wimbi ukipanda bei, mtu anapunguza kimea na kuziba pengo kwa sukari ama molasi, halafu anayetaka faida zaidi anatafuta kitu cha "kuipa makali." Mpikaji ambaye bado ananunua gorogoro zake za kimea kila wiki ana sababu ndogo sana ya kufika huko. Kwa hivyo ukienda mahali pa busaa, uliza kimea chao ni cha nini. Anayejibu haraka na kwa majivuno, kaa. Anayekuuliza wewe ni nani, rudi nyumbani.

Sheria nayo ipo. Ile ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi tunaiita sheria ya Mututho, ilifuta marufuku ya zamani ya chang'aa, lakini ikasema anayetengeneza na kuuza awe na leseni, na leseni hizo sasa ziko kwa kaunti. Mama pima wengi hawana. Wanajua polisi watakuja, na kimea kilichonunuliwa kwa mkopo kitamwagwa mtaroni pamoja na kila kitu. Kununua wimbi si kosa. Kuuza busaa bila leseni ni kosa, na kumuuzia aliye chini ya miaka 18 pia. Sisemi haya kukutisha, nasema ujue kabla hujaanza kufikiria biashara kwa sababu umeona likes.

Ukishanunua, usikiache kwa jwala la plastiki lililofungwa, kitatoa jasho. Mfuko wa karatasi ama kitambaa, juu ya rafu mbali na jiko na mbali na panya. Punje zinakaa miezi zikiwa kavu. Unga wake, utumie ndani ya wiki chache. Na beba kasuku yako mwenyewe sokoni, ujue ujazo wake, ili ukipimiwa uone kama inajaa.