Namna ya Kukisia Nguvu za Tufani

Nguvu za tufani iliyo mbali baharini hujulikanaje? Mabingwa hutazama picha za setilaiti. Jicho la tufani likiwa na joto, na mawingu yalizungukayo yakiwa ya baridi kali, upepo ni mkali mno. Vernon Dvorak wa Marekani ndiye aliyebuni alama zake, 1 hadi 8.

Novemba 2013 tufani Haiyan ilipewa alama 8 kabla ya kuipiga Ufilipino. Wamarekani walikisia upepo wa kilomita 315 kwa saa. Wajapani, wapimao wastani wa dakika 10 badala ya 1, walisema 230. Watu walionywa, lakini wengi hawakufahamu kuwa bahari nayo itapanda. Maji yaliingia mji wa Tacloban, na nchini wakafa watu zaidi ya 6,000. Basi, wasomaji, mkitajiwa upepo, ulizeni pia maji yatafika wapi.