Tishari si meli, wala si pantoni

Tishari (wingi: matishari, ngeli ya LI-YA) ni chombo kikubwa cha majini chenye kitako bapa, kinachochukua shehena nzito. Kwa kawaida hakina injini: huvutwa au husukumwa na tagi, yaani meli ndogo yenye nguvu nyingi. Sifa hiyo ndiyo inayolitenga neno hili na majirani zake, na ndiyo inayopotea mara nyingi katika tafsiri.

Tuchukulie hati ya kusafirisha tani 300 za mbolea kwa tishari katika Ziwa Victoria hadi Bandari ya Musoma, kisha kwa lori hadi Bugwema. Mfasiri akiandika “mashua”, msomaji atawaza chombo kidogo cha wavuvi na kushangaa tani hizo zimeenea wapi. Akiandika “pantoni”, atawaza abiria na magari wakivushwa, kama ilivyokuwa kati ya Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025. Akiandika “meli”, atadhani chombo kinajiendesha chenyewe. Kosa hili la mwisho ndilo zito zaidi, kwa kuwa linaficha chombo cha pili. Amari ya kuvutia ikikatika na mbolea ikazama, wa kwanza kuulizwa ni mwenye tagi au mwenye tishari? Hati inayotaja “meli” tu hailiruhusu swali hilo hata kuulizwa.

Umbo la tishari lina sababu yake. Kitako cha mita 50 kwa 10 kina eneo la mita za mraba 500. Kila sentimita moja kinapozama zaidi katika maji baridi, hupisha mita za ujazo 5 za maji, ambazo uzito wake ni tani 5. Hivyo tani 300 hulizamisha tishari hilo kwa sentimita 60 tu zaidi, nalo likaweza kufika mahali ambapo meli kubwa ingekwama. Hata hivyo, chombo bapa hakipasui mawimbi vizuri; kwa hiyo shehena hupangwa kwa usawa na kufungwa imara.

Katika pwani, neno hili lina historia ndefu ya kazi. Dar es Salaam, kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga bandarini na matishari yakapeleka shehena ufukoni. Tanga iliendelea na utaratibu huo hadi gati zake zilipoongezewa kina katika miaka ya karibuni. Shehena ya namna hiyo hupakuliwa mara mbili: kutoka melini hadi kwenye tishari, kisha kutoka kwenye tishari hadi gatini. Kila mara ina gharama yake, na neno “tishari” katika ankara ndilo linaloieleza.

Matumizi:

Sahihi: Tagi ilivuta matishari mawili hadi Musoma.
Sahihi: Tishari limefungwa gatini.
Si sanifu: Tishari imefungwa gatini.

Yapo matishari machache yanayojiendesha. Hayo yaitwe “matishari yenye injini”, kwani neno likisimama peke yake, msomaji ana haki ya kudhani kuwa injini haipo.